Joho na Ijaza: Jinsi Wasomi wa Afrika Mashariki Walivyoitafuta Elimu ya Juu ya Insia

Msamiati unaotumika leo kuieleza elimu ya chuo kikuu kwa Kiswahili ni mkongwe kuliko chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki. Neno chuo, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, lilikuwa jina la kitabu kabla halijawa jina la mahali pa kusomea, na kwa muda mrefu mtoto aliyesemwa kuwa yuko chuoni alikuwa amekaa mkekani mbele ya mwalimu wa Kurani, ilhali mtu mzima aliyebobea katika vitabu aliitwa mwanachuoni, heshima ambayo haikuhitaji cheti. Kuhitimu kulikuwa kuimaliza Kurani, na aliyehitimu alifanyiwa karamu na wazazi wake. Joho, ambalo sasa mhitimu wa chuo kikuu hulikodi kwa siku mbili tatu ili apigwe picha akiwa nalo, lilikuwa vazi zito lililotariziwa, ambalo liwali, kadhi na watu wa daraja lao walilivaa juu ya kanzu siku za Ijumaa na sikukuu. Lugha ilipolazimika kumvika msomi wa kizungu, ilimvika nguo za mwanachuoni na za mkubwa wa mji, na uchaguzi huo wa maneno unasema mengi kuhusu kile ambacho watu walidhani wanakitafuta walipoendelea kusoma baada ya wenzao kuacha.

Swali la kwa nini mtu mzima, mwenye uwezo wa kupata kazi, achague kutumia miaka mitano au zaidi akichunguza mashairi, masimulizi ya wazee au historia ya ukoo fulani wa milimani, huulizwa sana kuhusu masomo yanayoitwa insia. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo lina undugu na insi, yaani mwanadamu, hujumuisha lugha, fasihi, historia, falsafa, dini na sanaa. Ngazi zake za juu ni shahada ya uzamili, ambayo vyuo vingine huiita umahiri, na juu yake uzamivu, au uzamifu kama wanavyosema Wakenya, neno lililotokana na kitenzi kuzama, ambalo linamfananisha mtafiti na yule anayeteremka chini ya maji kutafuta lulu. Jibu la haraka, kwamba watu walisoma ili wapate kazi, lina ukweli wake na litarejewa hapa chini, lakini halitoshi kueleza historia yenyewe. Katika Afrika Mashariki, tangu zama za majahazi hadi zama za ndege, wengi waliopanda ngazi hizo walikuwa wakitafuta idhini ya kusema, na hasa idhini ya kusema juu ya mambo ambayo tayari yalikuwa yao.

Idhini hiyo katika elimu ya zamani ya pwani ilikuwa na jina: ijaza, neno la Kiarabu lenye maana ya ruhusa. Mwanafunzi aliyekwisha kujua kusoma alimwendea shekhe kwa ajili ya kitabu maalumu, kwa mfano Alfiya ya Ibn Malik, ambayo ni nahau ya Kiarabu iliyotungwa kwa beti zipatazo elfu moja, au Minhaj ya Imamu Nawawi katika fikihi ya madhehebu ya Shafi. Alikaa katika duara pamoja na wenzake baada ya sala ya alfajiri au ya alasiri, akasoma kipande kwa sauti, shekhe akamsahihisha irabu, akafafanua, akataja maoni ya wafafanuzi waliotangulia, na mwanafunzi akayaandika maelezo hayo pembezoni mwa ukurasa kwa wino mwembamba, mara nyingine kwa mshazari ili yatoshe. Kitabu kilipokwisha, na shekhe akaridhika, aliandika waraka uliosema kwamba fulani amekisoma kitabu hiki kwake, naye alikisoma kwa fulani, aliyekisoma kwa fulani, mlolongo ukapanda hadi kwa mtunzi mwenyewe. Mlolongo huo, unaoitwa sanad, ndio uliokuwa na thamani. Haukumpa mwanafunzi elimu, kwa kuwa elimu alikuwa nayo tayari. Ulimpa haki ya kukaa mahali pa shekhe na kufundisha kitabu kilekile kwa watu wengine.

Kwa ajili ya majina yaliyomo katika milolongo hiyo watu walivuka bahari. Upepo wa kusi ulikichukua chombo kuelekea Uarabuni, na kaskazi ukakirudisha, hivyo hata safari fupi kabisa ya masomo ilimweka mtu mbali na kwao kwa miezi mingi. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazidja mwaka 1861 na kuwa kadhi wa Unguja kwa muda mrefu, alisoma Hadhramaut na akafika Istanbul, Makka na Misri. Rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alipita njia za namna hiyo hiyo hadi Makka na Hadhramaut, na akaanzisha madrasa yake mjini Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na kwa kizazi kizima baada yao palikuwa na maulamaa wachache wa pwani ambao jina la mmoja wao halikuwamo katika sanad zao. Huko Lamu, Habib Saleh, mwenye asili ya Ngazidja, aliuanzisha msikiti wa Riyadha mwanzoni mwa karne ya 20 na kuufanya kituo cha masomo, akawafungulia mlango watu ambao mabwana wa mji hawakuona kuwa wanastahili elimu ya vitabu. Tendo hilo liliwakera wakubwa wa mji kwa sababu waliielewa vizuri maana yake, kwamba ijaza ikishatolewa haiulizi babu wa mtu alikuwa nani.

Haifai kuupamba mfumo huo kupita kiasi. Ijaza ilifungua njia ya ukadhi, ukadhi ulimletea mtu mshahara wa serikali na neno lenye uzito mjini, na zipo familia ambazo elimu ilirithiwa ndani yake kama shamba la minazi. Wanawake wengi walisoma, na baadhi yao walitunga kwa ustadi ambao tenzi za karne ya 19 zinaushuhudia, lakini walisoma ndani ya nyumba, na ijaza ya kufundisha hadharani haikuwa yao. Pamoja na hayo, mtu wa pwani aliyeulizwa kwa nini amekwenda Hadhramaut kusoma tena kitabu alichokijua kwa moyo angeweza kujibu bila kusita kwamba kujua ni jambo moja na kuruhusiwa ni jambo lingine.

Ukoloni ulileta aina nyingine ya idhini, na gharama ya kuikosa inaonekana waziwazi katika maisha ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Msomi huyu wa Bagamoyo alichukuliwa Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, ambacho Wajerumani walikuwa wamekifungua mwaka 1887 na ambacho kiliwaandaa maofisa wao wa makoloni. Mtoro aliijua lugha, dini na mila za mrima kwa kiwango ambacho hakuna Mjerumani aliyekikaribia, lakini nafasi yake chuoni ilikuwa ya mwalimu msaidizi wa matamshi na mazoezi, chini ya wakubwa wenye shahada. Mwaka 1903 kilitoka Göttingen kitabu kinene cha Kiswahili kuhusu desturi za Waswahili, kuanzia kuzaliwa hadi mazishi, ambacho kwa sehemu kubwa ni kalamu ya Mtoro, na jina lililokaa juu ya jalada lilikuwa la Carl Velten, aliyekikusanya na kukihariri. Kwa istilahi za utafiti wa leo, Mtoro alihesabiwa kuwa mtoa habari, na Velten mtafiti. Alifariki mwaka 1927 bila kurudi kuishi Bagamoyo, na ilichukua hadi mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipochapishwa California, kwa jina lake kupewa nafasi yake mwanzoni mwa kitabu.

Mkasa huo si wa mtu mmoja. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliokolewa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyaandika na kuyafafanua. Karatasi zenyewe ziliishia London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na mtu wa Mombasa aliyetaka kuzisoma katikati ya karne ya 20 alihitaji pasipoti, barua ya utambulisho na, kwa kawaida, kuandikishwa kuwa mwanafunzi wa shahada. Sababu mojawapo ya kusomea insia katika ngazi za juu, basi, ilikuwa ya kivitendo kabisa: nyaraka za watu wa pwani zilikuwa zimefungiwa mahali ambapo funguo zake walipewa wenye shahada au wanaoitafuta.

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, ilipandishwa mwaka 1949 kuwa chuo kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, maana yake mitihani na shahada zilikuwa za London hata kama mwanafunzi hajawahi kuiona Uingereza. Mabadiliko haya yanaonekana ndani ya nyumba moja ya Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyewahi kuchapisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, alikuwa mtu wa ijaza. Mwanawe, Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikusudia awali kuifuata njia ya baba yake na kwenda al-Azhar, lakini hatimaye alipitia Manchester, Columbia na Oxford, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1966 na kufundisha Makerere hadi mwaka 1973. Taaluma yake iliitwa siasa, ingawa yeyote aliyesoma maandishi yake anajua kwamba hoja zake zilikuwa za mwanainsia. Baba alitaja masheikh zake, mwana akataja marejeo yake, na ukurasa wa shukrani ulio mwanzoni mwa tasnifu, yaani andiko kuu la utafiti wa shahada, bado unanukia sanad kwa jinsi unavyoanza na msimamizi na kupanda hadi kwa walimu wake.

Kilichowasukuma wanahistoria wa kwanza wa Afrika Mashariki kilikuwa kikali zaidi. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia Oxford, alitamka katika mihadhara yake kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa isipokuwa ya Wazungu waliofika huko, na kwamba kilichobaki ni giza. Wakati anayasema hayo, Bethwell Ogot wa Kenya alikuwa akiendelea na uzamivu wake wa SOAS kwa njia ambayo profesa huyo asingeikubali: alikwenda kwa wazee wa Kijaluo, akawauliza kuhusu nasaba, uhamaji na makazi, akalinganisha simulizi za koo mbalimbali, na akapima umri wa matukio kwa kuhesabu vizazi. Kitabu chake kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini kilitoka mwaka 1967. Isaria Kimambo alifanya jambo kama hilo kwa Wapare, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani na kuchapisha historia yao ya kisiasa mwaka 1969. Mzee wa Upareni alikuwa akiyajua mambo hayo bila tasnifu yoyote. Kazi ya tasnifu ilikuwa kuyapitisha mbele ya watahini waliokuwa na mazoea ya kuamini karatasi peke yake, na kuwalazimisha wakiri kwa saini zao kwamba simulizi ya mzee nayo ni ushahidi.

Si kila mtu aliyekwenda kuomba saini hizo alizipata. Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi, alisomea elimu ya jamii za wanadamu Oxford na akachukizwa na walimu waliowaita Waafrika washenzi katika mihadhara yao. Tasnifu yake ya uzamivu haikupitishwa mwaka 1970. Aliigeuza hasira yake kuwa kitabu kuhusu jinsi wasomi wa kizungu walivyozieleza dini za Kiafrika, na katika vyuo vya Afrika Mashariki kitabu hicho kimesomwa zaidi ya tasnifu nyingi zilizopita bila doa. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikwenda Leeds mwaka 1964 kwa masomo ya uzamili, akarudi na hati ya riwaya badala ya shahada. Alipokuwa mhadhiri Nairobi, pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, aliandika tarehe 24 Oktoba 1968 waraka uliopendekeza kuifuta Idara ya Kiingereza na kuweka mahali pake idara ambayo kitovu chake kingekuwa fasihi ya Afrika, ikiwamo fasihi simulizi. Waraka huo wa kurasa chache ulibadilisha kilichohesabiwa kuwa mada halali ya shahada za juu, na kuanzia hapo mwanafunzi aliyetaka kuandika juu ya nyimbo za kwao hakuwa tena na sababu ya kuomba radhi.

Upande wa Dar es Salaam, lugha yenyewe ndiyo iliyoshika usukani. Chuo kilichofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano, kilipokea mwaka 1964 urithi wa Kamati ya Lugha iliyokuwa ikisanifisha Kiswahili tangu mwaka 1930, ambao ndio uliokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1970, chuo kilipopata hadhi ya chuo kikuu kamili, Idara ya Kiswahili ilianza. Walimu wake walihitaji shahada za juu katika somo ambalo hadi wakati huo lilikuwa na maprofesa Ulaya na watoa habari Afrika. Ebrahim Hussein, ambaye alikwisha kuandika tamthilia ya Kinjeketile, alikwenda Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, katika mji uleule wa Mtoro, lakini safari hii akiwa mtahiniwa, akaandika tasnifu juu ya maendeleo ya maigizo Afrika Mashariki. Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana pia kwa jina la Mlama, alichunguza sanaa za maonyesho za Wakaguru kama chombo cha malezi, na Mugyabuso Mulokozi akazichambua tenzi za Wahaya zinazoimbwa kwa ala ya enanga. Wote wawili walipata uzamivu wao Dar es Salaam kwenyewe katika miaka ya 1980.

Kesi ya Euphrase Kezilahabi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha elimu ya juu ikimgeuza mtu badala ya kumthibitisha tu. Riwaya yake Rosa Mistika ilikuwa imetoka mwaka 1971, naye akiwa tayari na jina, alipoandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Alikwenda kisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, na kufikia mwaka 1985 alikuwa amekamilisha uzamivu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mtu aliyerudi hakuandika tena kama mwandishi wa Rosa Mistika. Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka uliofuata ni vitabu vyembamba, vya mafumbo, visivyofuata mtiririko wa visa, na maswali vinayoyauliza ni yaleyale ya tasnifu: ukweli unajulikanaje, na ni lugha gani inayoweza kuubeba. Wasomaji wengine walilalamika kwamba Amerika imewaharibia mwandishi wao. Lalamiko hilo linaeleweka, ila linasahau kwamba alipofika mahali pa kuuliza swali gumu kabisa, aliliuliza kwa Kiswahili na kwa msomaji wa Kiswahili, wakati angeweza kulibakiza katika Kiingereza cha tasnifu.

Suala la ugali halikuwa mbali wakati wote huo. Uhuru uliziacha ofisi na madarasa yakiwa na viti vya wageni waliokuwa wakiondoka, na shahada ya pili au ya tatu ilimweka mtu moja kwa moja katika nafasi ya ukubwa, nyumba na gari. Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwamo makato ya mshahara, Rais Nyerere aliwafukuza mamia yao na kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, ishara kwamba serikali ilitambua jinsi shahada ilivyokuwa ikizaa tabaka. Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1980 na 1990 mishahara ya wahadhiri ilishindwa kabisa na bei za sokoni, ada zikaletwa, na mzazi akaanza kumuuliza mtoto wake atakula nini na historia. Hivi karibuni msukumo umetoka kwenye kanuni zaidi kuliko kwenye kiu: nchini Kenya, kwa mfano, masharti ya mwaka 2014 yalitaka mhadhiri awe na uzamivu, na walimu wa miaka mingi wakarudi madarasani wakiwa na mvi. Ni vigumu kuziweka shahada zote za namna hiyo katika historia ya kuitafuta idhini ya kusema, ingawa hata mtu aliyelazimishwa huweza kukutana na jambo lisilomwacha alale.

Tasnifu za Kiswahili sasa huandikwa kwa Kiswahili na kutetewa kwa Kiswahili mbele ya jopo, na mwanafunzi huulizwa maswali na watahini ambao baadhi yao waliandika za kwao kwa Kiingereza kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Mwishoni mwa nyingi kati ya tasnifu hizo, baada ya hitimisho na orodha ya marejeo, huja kiambatisho chenye majina ya watoa habari: mzee fulani, umri wake, kijiji chake, kazi yake mkulima au mvuvi, tarehe ya mahojiano. Juu ya jalada limeandikwa jina la mtafiti.